Kikundi cha kusoma vitabu: walioendesha tupeane uzoefu

Wakuu habari. Hapa Morogoro tuko marafiki kadhaa, tunataka kuanza kusoma riwaya za Kiswahili na kuzijadili. Hamu ipo, ila kila tukikaa tunabishana kitabu gani kitangulie. Mliowahi kuendesha, mlianzaje?

*Dar:* Mkuu, anzeni na kitabu chembamba kinachogusa nyumba ya kila mtu. Sisi tulifungua na Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971. Aliyeongoza alikuja na swali moja tu: kifo cha Rosa ni mzigo wa nani? Mzee mmoja fundi cherehani alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema Zakaria, baba yake Rosa, alikosea kumpiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, ila hofu yake anaielewa, naye ana mabinti. Weee! Akina mama walimgeukia, naye akajibu kwa utulivu hoja kwa hoja. Adhana ya magharibi ilitukuta bado tumo. Kuanzia hapo hatukumbembeleza mtu kuja.

*Mombasa:* Kwetu shida ilikuwa nakala. Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, aliposhinda Nobel ya fasihi mwaka 2021, na mwaka uliofuata riwaya yake Paradise ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kila mtu aliitaka na wachache tu waliweza kuinunua. Tukaanza mchango wa kila mwezi, tukanunua nakala za kikundi, watu wawili wawili kwa nakala moja, jina na tarehe kwenye daftari. Kuna mama macho yanamsumbua, kwa hiyo kila kikao tunamsomea sura moja kwa sauti. Sasa hata wenye macho mazima wanaidai hiyo sura! Kutoa kopi kitabu kizima tulikataa, mwandishi naye ale.

*Kigoma:* Uongozi uwe wa zamu. Kwetu msemaji mmoja alikuwa anameza kikao. Alipopewa zamu ya kuuliza maswali akaanza kusikiliza wenzake. Asiyemaliza kitabu aje tu, ila asikasirike akisikia mwisho wake.

*Muscat:* Sisi tunakutana kwa simu ya video Ijumaa jioni. Siku haibadiliki, hata tukiwa wanne.

*Morogoro:* Asanteni sana. Wa Mombasa, mtu akihama mji anaondoka na nakala yake?

*Mombasa:* Hapana ndugu yangu, inabaki. Ni mali ya kikundi, na tuliliandika hilo ukurasa wa kwanza wa daftari.