Naivasha enzi za blakbasi: mlioiona, hebu tuambieni

Mshipi wa Buruburu

Wakuu, salaam. Mimi ni mvuvi wa Jumamosi tu, silitegemei ziwa kwa unga. Juzi nilitoka Buruburu na shemeji yangu gizani, tukateremka Mai Mahiu kabla malori hayajaziba barabara, na jua likachomoza tukiwa botini Naivasha. Tulirusha chambo hadi mabega yakauma. Kufikia mchana tulikuwa na kapi (carp) wawili na kambare mmoja aliyetuonea huruma. Blakbasi (black bass), samaki ambaye ndiye aliyetutoa nyumbani, alikuja mmoja, urefu wa kiganja. Tukamrudisha akakue kwanza.

Shemeji akaanza kununa. Mwenye boti akacheka, akatuambia karamu ilishaliwa zamani, kwamba kuna wazee Nairobi waliokuwa wakija hapa na kurudi na blakbasi hadi buti ya gari inakataa kufunga.

Sasa naomba mlioiona Naivasha ile mseme. Ni kweli, au ni samaki wa wavuvi ambao huongezeka uzito kila wanaposimuliwa? Ilikuwa miaka gani, upande gani wa ziwa, chambo gani? Na nini hasa kilitokea? Kila ninayemuuliza ana mshukiwa wake: nyavu, mashamba ya maua, kapi, hata viboko. Viboko kweli, jamani?

Rili Kutu

Huyo mwenye boti anasema hivyo ili usimdai pesa zako. Nilipoanza kwenda miaka ya tisini, niliambiwa na wenye boti wa wakati huo kwamba nimechelewa. Kila mtu huko hesabu yake ya enzi njema za ziwa inaishia pale mgongo wake ulipoanza kukataa kupiga kasia.

Lakini muulize Babu wa Kasia. Najua yumo humu, anasoma tu kimya.

Babu wa Kasia

Nimeitwa, nimeitika. Rili Kutu, mgongo wangu hauhusiki hapa.

Kijana wa Buruburu, nilianza kwenda Naivasha mapema miaka ya sabini nikiwa karani wa reli hapa Nairobi. Mkubwa wangu ofisini alikuwa Mgoa mmoja mwenye Peugeot 404 na wazimu wa kuvua. Mkewe hakupenda jua, watoto wake hawakupenda kuamka, kwa hiyo kiti cha pembeni kikawa changu. Tulipita barabara ya chini, ile yenye kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa vita, na yeye lazima apunguze mwendo pale ajipige ishara ya msalaba. Nilidhani ni ibada. Baadaye nikagundua anaomba samaki.

Kwanza uelewe huyu samaki ni mgeni. Ziwa lile halikuwa na samaki wa maana wa asili, isipokuwa kasamaki kadogo ambako kalitoweka kabisa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Tilapia waliletwa 1925. Blakbasi akaletwa kutoka Marekani 1929, akaongezwa tena 1940 na 1951, na aliletwa kwa ajili ya michezo, si kwa ajili ya kitoweo. Kwa hiyo tunapomlilia tunamlilia mgeni aliyekuta nyumba nzuri. Na mimi namlilia hasa, sioni haya.

Uzuri wa nyumba hiyo ulikuwa nini? Maji meupe na majani ya chini ya maji. Hilo ndilo jibu langu lote, mengine ni maelezo. Ungekaa botini asubuhi kabla upepo haujaamka, ukachungulia, ukaona vichaka vya majani vimesimama kule chini na kivuli cha boti kinatambaa juu yake. Blakbasi huwinda kwa macho. Hakimbizi chakula mbali; hujibanza ukingoni mwa majani, akingoja kipite. Sisi tulitembeza boti polepole sambamba na mafunjo, makasia yakiingia majini bila kelele (Mgoa angekutazama kwa jicho baya ukigonga ubao), tukarusha kijiko, yaani chambo cha chuma kinachong'aa, hadi karibu kabisa na mafunjo. Si mita mbili kutoka kwenye mafunjo, bali pale pale, hadi chambo kinapiga bua na kudondoka. Unakiacha kizame kidogo, unakivuta kidogo, unakiacha tena. Wengi hushindwa hapo kwenye kuacha. Wana haraka.

Akiuma huulizi kama ni yeye. Kapi hukokota, blakbasi hupiga. Uzi unakwenda pembeni, halafu unaanza kupanda, na hapo ujue anakuja kuruka. Anatoka majini mdomo wazi, ule mdomo ambao pembe yake inapita jicho, anatikisa kichwa kutema ndoana. Ukiinua rodi juu wakati huo umempoteza. Ishushe, uzi ubaki umekazwa, umwache arudi majini. Ukimfikisha kwenye boti humshiki mwilini: unamtia kidole gumba mdomoni, unamkamata taya la chini, anatulia kama amezimwa. Meno yake ni madogo mno, yamejipanga kama msasa. Siku ikiwa njema gumba lilikuwa limechubuka lote, na Jumatatu ofisini ukishika karatasi linawasha. Makarani wengine waliuliza una nini, ukawaonyesha kwa fahari.

Sehemu? Ghuba iliyo ndani ya Kisiwa cha Crescent, kwa sababu kile kisiwa ni ukingo wa volkeno iliyozama na maji ya pale ni ya kina kuliko kwingine. Kukiwa na joto la mchana, samaki wakubwa walishuka huko. Asubuhi na jioni ni mafunjo. Kaskazini inapoingia mito ya Malewa na Gilgil palikuwa na samaki lakini maji yalichafuka mvua ikinyesha, sisi hatukupapenda.

Sasa nani alivunja nyumba. Watu husema nyavu. Uvuvi wa nyavu wa biashara ulianza 1959, na mimi nilikuja baadaye nikakuta ziwa limejaa. Naweza kusema nyavu zilipunguza, sitasema zilimaliza. Mshukiwa wangu ni krefishi, yule kamba mwekundu mwenye asili ya Marekani vilevile, aliyeletwa 1970. Mwanzoni tulifurahi! Ukipasua tumbo la blakbasi unakuta magamba mekundu tupu, na samaki walinenepa. Lakini krefishi hula majani. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya themanini ulikuwa ukichungulia pale pale palipokuwa na vichaka huoni kitu. Matope. Upepo ukivuma, matope yanapanda na maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Samaki anayewinda kwa macho atakula nini humo? Kapi alipoingia 2001 hakuvunja mlango, alikuta mlango umeshang'olewa. Yeye ni wa kufukua mashapo, akazidisha yale yale.

Maua sitaki kuyanyamazia. Mashamba yale yananyonya maji ya ziwa na kuna mambo yanayorudi ziwani ambayo hayakuwamo. Lakini kumtwika mmoja kila kitu ni uvivu. Na viboko, hapana. Viboko walikuwepo tangu zamani, na walitufukuza mara nyingi tu.

Mama wa Kamere

Babu, heshima zako. Umeandika nikasikia hata harufu ya maji. Ila niruhusu niseme kitu kama mtu wa ufukweni.

Nyinyi mlikuja na gari, mkavua, mkarudi Nairobi. Sisi tunaishi hapa. Mama yangu alikaanga samaki hapa Kamere kabla yangu, na sikumbuki akimsifu blakbasi kwa kuruka. Alimsifu kwa sababu nyama yake ni nyeupe, miiba michache, na wateja wa hoteli walimnunua bei nzuri. Lakini alikuja leo, kesho hayupo. Uvuvi ulipofungwa 2001 mwaka mzima ili samaki wapumue, nilikuwa nimeacha shule, na niliona nyumba zilivyokaa na njaa. Kisha kapi akajaa. Mnamwita samaki wa matope, lakini ndiye aliyewasha moto wa jiko hapa. Siku hizi wanaojaza mizani ni yeye na tilapia, blakbasi ni wa kubahatisha.

Wanaosema kapi ni miiba mitupu hawajui kumpika. Unampara magamba, unamtoa matumbo, unakata ule weusi wa ndani maana ndio wenye harufu. Kisha kwa kisu kikali unamkata mistari ubavuni, karibu karibu, upana wa nusu kidole, kutoka mgongoni kushuka, kisu kifike karibu na mfupa bila kuuvunja. Chumvi, ndimu, unamwacha akauke. Mafuta yawe moto kweli. Mafuta yakiingia kwenye ile mikato, vile vimiiba vidogo vinakaangika hadi unavitafuna bila kujua. Watu wa Nairobi wanasimama hapa wanakula wawili wawili halafu wanauliza hii ni tilapia? Nanyamaza, nahesabu pesa.

Sisemi Babu anakosea kuhusu majani. Nasema tu msimtukane kapi.

Babu wa Kasia

Mama, nimenyamazishwa vizuri. Nikipita Kamere nitakula na sitauliza ni nani.

Nahodha Migunga

Natembeza watu kwa boti Karagita. Niwajibu wote wawili, Babu na kijana wa Buruburu, kwa sababu sipendi mazungumzo haya yakiwa ya matanga.

Babu, hesabu yako ya krefishi ni kweli lakini si mara moja. Majani ya chini hupungua, krefishi nao wakipungua majani yanarudi sehemu fulani, kisha yanaondoka tena. Na ziwa lenyewe halikai mahali pamoja. Mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 maji yalirudi nyuma hadi tukawa tunasukuma boti kwenye tope. Halafu 2019 na 2020 yakapanda, yakaingia mtaa wa Kihoto hadi watu wakahama nyumba zao. Yaliyowatesa watu wa Kihoto ndiyo yaliyompa blakbasi makazi mapya: ile mistari yote ya migunga iliyokuwa nchi kavu sasa imesimama ndani ya maji, imekufa, meupe kama mifupa. Blakbasi anapenda kitu cha kujificha nyuma yake. Hana mafunjo, amechukua migunga.

Mshipi wa Buruburu, naweza kukisia kosa lenu bila kuwaona. Mlikaa maji wazi mkarusha mbali. Wageni wote hupenda kurusha mbali. Samaki yuko kwenye shina la mti, upande wa kivuli. Inabidi chambo kigonge shina na kushuka nalo. Ndoana ya wazi itanasa kwenye tawi na utaiacha huko. Nimefungua matawi mengi yamepambwa vijiko vya watu. Tumia mnyoo wa plastiki, ncha ya ndoana uifiche ndani ya mwili wa mnyoo. Uzi uwe mnene kuliko unaoupenda, kwa sababu akishauma ana njia moja tu, kuzunguka mti, na una nukta moja ya kumgeuza. Njoo Januari au Februari kabla ya mvua ndefu, maji yakiwa yametulia na mito haijaleta udongo.

Na si kila boti inaruhusiwa kuingia kati ya miti. Kiboko hulala humo mchana na humwoni hadi umemkanyaga. Mwenye boti akisita, msimlazimishe. Vaeni majaketi ya kuokolea, msiyakalie.

Mshipi wa Buruburu

Ahsanteni sana, kweli tulikuwa maji wazi tukirusha mbali! Shemeji nimemsomea, amenyamaza.

Swali la mwisho kwa Babu: hapa Nairobi penyewe hamkuwa na pa kuvua? Nasikia hata Bwawa la Nairobi lilikuwa la maana.

Babu wa Kasia

Lilikuwa, tena sana. Lilijengwa 1953, na nilipokuja mjini mashua za tanga zilikuwa zikicheza pale Jumapili. Jioni za kazi, ukitoka ofisini na rodi iliyokunjwa kwenye mkoba, ulipata tilapia wa mchuzi. Sasa limefunikwa na gugu maji na maji machafu yanaingia kutoka pande zote. Napita Lang'ata kwa matatu na abiria wengine hawajui kama chini ya ule ujani kuna bwawa. Naivasha angalau bado ni ziwa.

Nahodha, hiyo migunga umenitia hamu. Boti yako ina kiti chenye mgongo?

Nahodha Migunga

Kipo kimoja, Babu, nakuwekea. Lakini kasia ni langu, na ukigonga ubao nitakutazama kwa jicho la Mgoa wako.