Ushiriki wa jamii kwenye afya vijijini: tunashirikishwa au tunatumikishwa?

Mtoa mada:
Wakuu salaam. Mwaka 1978 mataifa yalikaa kwenye mkutano wa afya mjini Alma-Ata, Kazakhstan ya leo, yakaandika kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Haki NA wajibu. Sasa hiyo haki ilipotelea wapi, maana wajibu tumeachiwa wote? Zahanati ikijengwa kijiji kizima kinaitwa kubeba mawe na kuchota maji, ila ikifika kuamua ifunguliwe saa ngapi au dawa gani ziagizwe tunaambiwa hayo ya wataalamu. Kamati ipo, inaitwa kusaini muhtasari wakati bajeti ilishapita zamani. Na huyu mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mara nyingi mwanamke, anazunguka nyumba kwa nyumba rejista kwapani, anapima mikono ya watoto kwa ule utepe wa rangi wa kuangalia utapiamlo, usiku anagongewa kuna mtu ana uchungu, mwisho wa siku anapewa fulana. Eti kujitolea. Mbona daktari hajitolei?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu hapo kwenye kamati nakupinga. Bangladesh miaka ya 80 shirika lao lisilo la kiserikali, BRAC, walipeleka wanawake majumbani kufundisha akina mama kuchanganya maji, chumvi na sukari guru kwa mtoto anayeharisha, kaya kama milioni 12 zikafikiwa, na mwalimu alilipwa kulingana na kile mama alichokumbuka wakaguzi walipopita baadaye. Kamati ya nini hapo? Watu wana mashamba, vikao hawavitaki, wanataka wakifika wakute dawa na mtu wa kuwahudumia. Kamati ukiipa hela wenye sauti kijijini wanajigawia, basi.

Mtoa mada:
Umesema mwenyewe ALILIPWA 😀

Mchangiaji wa pili:
Hela nazo si jibu lote jamani. Mpango wa Bamako wa 1987, ule wa mawaziri wa afya wa Afrika, ndo uliwapa wanakijiji mfuko wa dawa wausimamie, mgonjwa analipia, hela inanunua dawa nyingine. Sehemu nyingine dawa zilipatikana kweli, ila asiye na kitu akabaki nje, na aliyemrudisha ni jirani yake aliyeko kwenye kamati.
Mi nilichokielewa ni cha Makwanpur, Nepal. Wanawake walikutana kila mwezi, wakataja wenyewe kinachoua vichanga vyao halafu wakachagua cha kufanya, wengine mfuko wa akina mama, wengine machela ya kubebea mjamzito, wengine vifaa safi vya kuzalia. Matokeo yalitoka 2004, vifo vya vichanga vilikuwa pungufu kwa 30% ukilinganisha na maeneo yasiyo na vikundi.

Mchangiaji wa kwanza:
Hayo nayakubali, ila aliyewaongoza vikao alikuwa na mshahara au fulana?

Mchangiaji wa pili:
Alilipwa. Na Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2018 wanashauri wahudumu wa jamii walipwe kulingana na kazi na saa zao.

Mtoa mada:
Sasa hapo tuko pamoja, kasoro kitu kimoja. Wahudumu wakilipwa na serikali wanakuwa watu wa serikali, kijiji kikimkataa mhudumu kinaweza kumtoa?