Diklofenaki, brufeni, aspirini: tupeane uzoefu wa dawa za maumivu, Unguja na Pemba

Mtoa Dawa, Chake

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie nauza dawa Chake Chake, na ndiyo kazi niliyoisomea. Msimu wa karafuu ukiingia, kuanzia alasiri dukani hapakaliki. Wachumaji wanashuka kutoka mashamba, viuno vimekaza kwa kuparamia mikarafuu, shingo hazigeuki, na wengi wanataka kitu kimoja tu: diklo, yaani diklofenaki. Nikiuliza una presha, una vidonda vya tumbo, leo umekula nini, mtu anaona namchelewesha. Akishaondoka nabaki na wasiwasi wa kweli.

Kwa hiyo kila mwenye yaliyompata yeye au mtu wa nyumbani kwake kwa dawa hizi, yawe ya kheri au ya shari, atuwekee hapa. Ila kwanza nieleze zinavyofanya kazi, maana naamini kila kisa kitarudi hapo hapo.

Ukiteguka mguu, goti likilika, jino likioza, seli za mahali pale huchukua mafuta yaliyomo kwenye kuta zake na kuyageuza kuwa kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo ndizo zinazotanua mishipa ya damu, pakawa pekundu, pakapata moto, pakavimba. Ndizo pia zinazoamsha mishipa ya fahamu, ukiguswa kidogo tu unaruka. Zikizidi kwenye ubongo, homa inapanda. Kimeng'enya kinachozitengeneza kinaitwa saiklooksijenesi, na dawa hizi zote (diklofenaki, brufeni, aspirini, indomethasini, piroksikamu, meloksikamu) zinafanya jambo moja: zinakizuia. Aligundua hilo Mwingereza John Vane mwaka 1971, akapata Tuzo ya Nobel 1982 pamoja na Waswidi wawili, Bergström na Samuelsson. Aspirini ilikuwa inauzwa tangu 1899. Miaka sabini na zaidi watu wanaimeza, wanapona, na hakuna aliyejua inafanyaje kazi!

Shida ni kwamba prostaglandini haziko mwilini kwa ajili ya kuumiza tu. Tumboni zinauwekea ukuta ute wa kuukinga na asidi. Kwenye figo zinaiweka wazi mishipa inayoingiza damu, khasa mtu akiwa amepungukiwa na maji. Ukimeza diklo kwa ajili ya kiuno, inazizuia kiunoni, tumboni na kwenye figo kwa pamoja. Haichagui.

Panadol haimo kundini. Inatuliza maumivu na homa, uvimbe haiushughulikii. Nayo ikizidishwa inaharibu ini, lakini hiyo ni mada nyengine.

Karibuni.

Mwanamwani, Paje

Waalaykum salaam. Langu ni la mama. Sie tunalima mwani, na anayeijua kazi hii anajua: maji yakitoka uko baharini umeinama, unafunga mbegu moja moja kwenye kamba mpaka maji yarudi, ukija kuinuka unashika kiuno kwa mikono miwili. Mama kafanya hivyo tangu sie wadogo. Magoti yakafika hadi ya kutokunjika, sala anasali juu ya kiti.

Kituo cha kwanza kilimpa brufeni, na alipata nafuu, hilo nalisema wazi. Maumivu yaliporudi tukampeleka pengine, kwa jina sipataji. Akachomwa sindano ya diklofenaki, akapewa na vidonge vya piroksikamu aende navyo nyumbani. Hakuna aliyemuuliza kama ana dawa nyengine anazotumia. Naye zile brufeni alikuwa bado anazo, akawa anameza zote, kwa sababu kwake zote ni dawa za maumivu na zote zimetoka kwa daktari. Asubuhi yake ni chai ya rangi, basi.

Tukaanza kumuona anachoka. Akipanda vidaraja viwili vya barazani anakaa chini, midomo imempauka. Mwisho akanivuta pembeni, kwa haya, akaniambia choo chake kimekuwa cheusi kama lami, kinanata, na harufu yake siyo. Mjini wakapima damu, imeshuka vibaya, akaongezwa. Wakampitisha mpira wenye kamera mdomoni hadi tumboni, wakakuta kidonda kinavuja. Lililonishangaza mimi, hakuwahi kulalamika tumbo hata mara moja!

Daktari wa huko ndiye aliyetueleza kuwa brufeni, diklo na piroksikamu ni dawa ndugu, hazinywewi pamoja. Alimuandikia omeprazo, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, na akamrudisha kwenye Panadol. Kapona tumbo, alhamdulillahi. Magoti bado yanamsumbua, sitawadanganya.

Mtoa Dawa, Chake

Mpe mama salamu zangu, na pole dada. Hilo la tumbo kutouma lisomeni mara mbili. Dawa yenyewe inaua maumivu, kwa hiyo kidonda kinaweza kuvuja bila dalili, na kwa wazee ndivyo inavyotokea sana. Ukiona choo cheusi kinachonata, au unatapika kitu chenye rangi ya kahawa, ni hospitali siku hiyo hiyo. Kuna wanaomeza vidonge vya kuongeza damu, navyo vinatia weusi, lakini ikiwa una diklo mwilini usikae kujipa moyo kwa hilo.

Jengine: watu wengi mno wanaamini sindano inalipita tumbo. Haipiti. Ikishaingia kwenye damu inafika kote, hata kama imeingilia kalioni, na kinga ya tumbo inaondoka vile vile. Na kula kwanza, ndiyo, kunapunguza kichefuchefu na kiungulia, lakini chakula peke yake hakizuii kidonda. Mwenye umri mkubwa, aliyewahi kuwa na vidonda, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, alindwe na omeprazo au asipewe kabisa.

Binti wa Tunguu

Shikamooni. Yangu mie ni ya kheri. Tangu nivunje ungo, siku ya kwanza ya hedhi nilikuwa sisimami. Skuli siendi. Bibi alikuwa ananichemshia mizizi, ananikanda tumbo kwa chupa ya maji ya moto, na wote nyumbani wanasema ni chango, nikiolewa nitapoa. Sidharau, chupa ya moto mpaka leo naitumia.

Nilipoanza chuo, muuguzi mmoja akanieleza kuwa mfuko wa uzazi wenyewe unatengeneza hizo prostaglandini siku hizo, zinaukamua, na ukikamuliwa sana ndiyo maumivu. Akaniambia brufeni miligramu 400 baada ya kula, kila baada ya saa nane, na nianze mapema maumivu yanapoanza, nisingoje mpaka nianze kutapika. Siku mbili za mwanzo tu, kisha naacha. Sasa nakaa darasani mpaka kipindi cha mwisho. Wenzangu wanaoteseka kimya kimya, ulizeni.

Mtoa Dawa, Chake

Hapa ndipo dawa hizi zinapong'ara, na Panadol mara nyingi haifiki hapo. Tumia hivyo hivyo binti yangu. Kwa anayejinunulia mwenyewe bila daktari, brufeni isizidi miligramu 1200 kwa siku, yaani hizo 400 mara tatu. Na kama maumivu yanazidi mwezi hadi mwezi, au yanakuja hata nje ya hedhi, hiyo si ya kumeza dawa na kunyamaza, kaonwe na daktari.

Mwalimu Mstaafu, Wete

Nina presha ya miaka mingi. Nakunywa losatani na kidonge cha kukojoza, na ilikuwa shwari. Bega lilipoanza kuuma nikaandikiwa diklofenaki miligramu 50 mara tatu. Bega likalegea, nikashukuru.

Baadae nikaona makubadhi yananibana. Jioni nikiyavua, kamba zimeacha mfereji juu ya mguu, nikibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Presha ikapanda na dawa zake nazinywa kila siku bila kuruka. Mkojo ukapungua. Kupimwa damu, kreatinini imepanda, figo hazisafishi inavyotakiwa. Daktari kijana sana, Mungu ampe umri, akaviweka vidonge vyangu vyote mezani, akavitenga vitatu upande mmoja: losatani, cha kukojoza, diklofenaki. Akasema mwalimu, hivi vitatu vikikutana, figo inakosa pa kupumulia. Kimoja kinapunguza maji, kimoja kinalegeza mshipa unaotoa damu kwenye figo, na cha tatu kinabana ule unaoiingiza.

Diklofenaki ikasimamishwa. Uvimbe ulishuka, kreatinini ikarudi polepole. Niliwahi, wengine hawawahi.

Nina swali. Nina rafiki yangu anakunywa aspirini ndogo ya moyo, miligramu 75. Naye kichwa kikimuuma anameza brufeni. Inafaa?

Mtoa Dawa, Chake

Mwalimu, ahsante kwa kutufahamisha vizuri hivyo. Losatani, enalaprili na ndugu zake zote zinaingia humo. Ukijumlisha na jua la kwetu na jasho la shambani, au kuharisha, figo inaweza kufeli kwa muda mfupi. Na dawa hizi zinazuia chumvi na maji kutoka mwilini, ndiyo miguu ikavimba na presha ikapanda.

Rafiki yako asifanye hivyo kwa mazoea. Aspirini ile kazi yake ni kuzifanya chembe sahani za damu, zile zinazoigandisha damu, zisishikane, na brufeni ikitangulia inakaa mahali ambapo aspirini ingekaa, ikaizuia. Kwa kichwa atumie Panadol, na amuulize daktari wake wa moyo.

Mvuvi wa Kojani

Sie tulikuwa dago, yaani kambi ya uvuvi. Mdogo wangu ana pumu tangu utotoni, na pua yake daima imeziba, ana vinyama ndani. Jino likamshika usiku. Mmoja akatoa aspirini kwenye mkoba wake, akampa. Haikupita saa, macho mekundu, pua inatiririka, kifua kinapiga mluzi, hawezi kumaliza neno. Bahati alikuwa na pampu yake ya kuvuta. Tukamvutisha tena na tena huku tunaitafuta pwani kwa mashine, spitali wakamtia gesi mpaka asubuhi.

Kumbe baadhi ya wenye pumu wako hivyo, na aspirini ikiwadhuru basi brufeni na diklo pia. Sasa kaandikiwa kwenye kadi yake. Nawaomba wavuvi, muulizaneni kabla ya kupeana vidonge baharini.

Mtoa Dawa, Chake

Kweli kabisa, na hivyo vinyama vya puani ni dalili kubwa ya watu wa aina hiyo. Kwa jino la usiku, sie wa Pemba tusisahau tulichonacho: tone la mafuta ya karafuu kwenye pamba, uguse jino lenyewe. Ndani yake mna yujenoli, na madaktari wa meno wanaitumia mpaka leo. Inatia ganzi ya muda tu, jino bado linataka kutibiwa. Usiyanywe, na watoto wadogo wasipewe.

Mkunga, Micheweni

Mambo mawili nayaona sana, naomba niyaseme haraka.

Mjamzito asijinunulie dawa hizi. Kuanzia wiki ya 20 zinaweza kupunguza mkojo wa mtoto tumboni, na mkojo huo ndio maji anayoogelea. Karibu na wiki ya 30 na kuendelea zinaweza kuufunga mapema mshipa mkubwa ulio karibu na moyo wake, ambao unatakiwa kuwa wazi mpaka azaliwe. Aspirini ndogo anayopewa kliniki kwa ajili ya kifafa cha mimba ni jambo jengine, hiyo asiiache bila kuambiwa.

La pili, homa isiyojulikana. Ikiwa ni kidingapopo (homa ya dengi), chembe sahani zinashuka, na aspirini, brufeni au diklo zinaongeza hatari ya kutoka damu. Panadol na maji mengi, kisha kipimo. Mtoto mwenye homa asipewe aspirini kabisa, inaweza kumletea ugonjwa mbaya wa ubongo na ini.

Kijana wa Mtoni

Wakubwa, kuna jamaa kanishauri selekoksibu, anasema haina madhara kwa tumbo. Na Ramadhani mtu anapangaje dozi?

Mtoa Dawa, Chake

Kimeng'enya kile kina aina mbili. Moja ndiyo inayolinda tumbo, ya pili inazidi pale penye uvimbe. Selekoksibu inalenga ya pili, kwa hiyo tumbo linasalimika zaidi, lakini halisalimiki kabisa, na figo hazina nafuu yoyote. Moyo nao tuutazame. Ndugu yake mmoja, rofekoksibu, iliondolewa sokoni duniani mwaka 2004 baada ya kuonekana inaongeza mshituko wa moyo na kiharusi. Selekoksibu imebaki, ila si ya aliyewahi kupata mshituko wa moyo au kiharusi. Diklofenaki nayo haiko mbali katika hilo, watu hawalijui.

Ramadhani, meza baada ya futari au baada ya daku, kamwe si wakati unafungulia tende. Kunywa maji ya kutosha usiku, kwa sababu mchana figo zitafanya kazi kwenye ukavu. Kuna diklofenaki ya miligramu 100 inayoyeyuka polepole, ya mara moja kwa siku, daktari anaweza kukubadilishia. Mwenye ugonjwa wa figo asiitumie, afunge asifunge.

Mwanamwani, Paje

Na hii ya kupaka? Mama kaletewa jeli ya diklofenaki na mtoto wake wa Dubai. Naogopa kumpaka baada ya yaliyompata.

Mtoa Dawa, Chake

Muulize yule daktari aliyemtibu, mwambie historia yote. Ila mie naiona ni njia nzuri kwa goti. Inayoingia kwenye damu ni kidogo sana kulinganisha na kidonge, na goti na vidole viko karibu na ngozi, dawa inafika. Kwa nyonga na kiuno haifiki vizuri, kiungo kiko ndani mno. Mpake kwenye ngozi isiyo na mchubuko, na mwani unachubua, kwa hiyo miguu itazamwe kwanza. Apake akisharudi kutoka baharini na kuoga maji baridi, asifunge plastiki juu yake, asichanganye na vidonge vya kundi hili. Aipe wiki mbili hivi kabla ya kusema imeshindwa.