Samaki wangu aina ya lochi, jike, ana tumbo la kijani, na nimekuta kifaranga kwenye chujio. Nifanyeje?

Binti Mkunga:
Wakuu, habari za wakati huu. Kuna jambo linaninyima usingizi, naomba wenye uzoefu mnisaidie.

Nafuga lochi wa kuli 7, wale wembamba kama mikunga wadogo, wenye pingili nyeusi na za manjano. Huu ni mwaka wa tatu niko nao. Tangi ni la lita 100, mchanga laini, joto nyuzi 25, pH (kipimo cha uchachu wa maji) 6.5, na mimea imesongamana kiasi kwamba kioo cha nyuma hakionekani. Wanaishi na samaki wengine wadogo, neoni tetra 12.

Wiki mbili zilizopita jike mmoja alianza kunenepa. Nikadhani ni shibe tu. Usiku mmoja akawa amejibandika kwenye kioo, nikammulika kwa tochi, nikaona ubavuni rangi ya kijani ikipenya kwenye ngozi, kama pojo zimefungwa kwenye nailoni.

Jana nikasafisha chujio kama nilivyozoea: nikakamua sponji kwenye ndoo, nikamwaga yale maji kwenye sinki. Yalipokaribia kuisha nikaona kitu kama uzi wa kushonea, hakifiki sentimita 2, kinajipinda pale kwenye sinki. Kilikuwa na pingili! Nikakiwahi kwa kikombe cha maji ya tangi, lakini hakikuamka asubuhi. Sijui nimeshamwaga wangapi miezi yote hii. Imeniuma sana.

Naomba kujua: hilo tumbo ni mayai au ugonjwa? Nimhamishie jike kwenye tangi lake peke yake? Na nitawaonaje wakitaga ilhali mchana kutwa wamejificha?

Maji Matulivu:
Pole sana dada. Hilo tumbo ni mayai. Mayai ya kuli ni ya kijani, na ngozi ya jike ni nyembamba, ndiyo maana unayaona. Samaki mgonjwa aliyevimba huwa amezubaa na hagusi chakula. Wako anakula na anapanda kioo, kwa hiyo ondoa hofu.

Kuhusu kumhamisha, ningekuwa wewe ningeandaa tangi dogo la lita 30 au 40, maji laini (yenye madini machache), mimea inayoelea juu. Ningeweka jike na madume wawili, nikawaacha humo mpaka watage, kisha nikawarudisha wakubwa. Dume utamjua kwa mapezi ya kifuani: ni makubwa kuliko ya jike na yana mwale (kijifupa kinachoshikilia pezi) mmoja mnene.

Mzee wa Sponji:
Naomba nitofautiane na Maji Matulivu, kwa heshima zote.

Binti Mkunga, rudi kwenye maneno yako mwenyewe: kile kifaranga kilikuwa na pingili. Lochi anayetoka kwenye yai hana pingili, ni kijiuzi cha kuonekana kwa shida. Akishavaa pingili na kukaribia sentimita 2, ujue ameshaishi wiki kadhaa. Maana yake lochi wako walitaga zamani, mayai yakaanguliwa, na kuna waliokua wewe hujui lolote. Tangi lako linalea tayari. Kwa nini uwatoe mahali walipochagua wenyewe ukawapeleke kwenye maji mapya?

Chujio limewasaidia kwa sababu ndani yake hakuna wa kuwala, na uchafu wa sponji umejaa vijidudu ambavyo ndivyo chakula chao. Ukiwauliza wafugaji waliowahi kupata vifaranga vya kuli bila kutarajia, wengi walivikuta kwenye chujio au chini ya changarawe. Mimi nilikuta wanne hivyo hivyo, kwenye tangi ambalo nilikuwa nimeliacha bila kulipangua kwa muda mrefu.

Ushauri wangu: usipangue kitu. Funika mdomo wa chujio kwa sponji laini ili vifaranga wasivutwe kwenye pampu. Tupia majani makavu ya mti wa mkungu, yaoze taratibu huko chini. Wakubwa watapata maficho na wadogo watapata vijidudu. Wa kuhamishwa ni neoni, maana hawaachi yai wala kifaranga. Na kuanzia leo maji ya sponji yakae kwenye ndoo nyeupe nusu saa kabla hujamwaga. Mulika, tazama, ndipo umwage.

Mwanafunzi wa Mto:
Mzee, na akihitaji kumkamata mmoja? Mimi wangu alinasa kwenye kimia, nikamuumiza wakati namnasua.

Mzee wa Sponji:
Kuli ana mwiba chini ya kila jicho, anauchomoza akiona hatari, na ndio unaonasa. Tumia jagi: lilaze mchangani, msukume taratibu kwa mkono aingie mwenyewe.

Hapo hapo niseme la dawa. Magamba yao ni madogo mno, karibu hayapo, kwa hiyo dawa zenye shaba na chumvi nyingi huwadhuru upesi kuliko samaki wengine.

Maji Matulivu:
Hoja ya pingili sikuifikiria, nimekuelewa Mzee. Basi asihamishwe.

Ila swali la kuwaona wakitaga halijajibiwa. Zima taa zote, subiri saa nzima, tumia tochi yenye mwanga mwekundu, hauwashtui kama mweupe. Badilisha robo ya maji jioni kwa maji yaliyopoa nyuzi 2 hivi kuliko ya tangi, wayahisi kama mvua imenyesha mtoni kwao. Usiku huo au unaofuata angalia juu, siyo chini: wakiwa tayari hupanda na kuogelea wamegandana ubavu kwa ubavu. Mayai yanabaki yamenata kwenye mizizi ya mimea inayoelea, na huanguliwa kwa takriban siku moja.

Ukiona mmoja anapanda kasi, anameza hewa na kushuka, hiyo ni kawaida, lochi hupumua pia kwa utumbo. Wakifanya wote mfululizo, ongeza hewa.

Mwanafunzi wa Mto:
Swali la pembeni: hili jina "kuli" ni kwa sababu wanachimba mchanga kutwa kama makuli wa bandarini?

Mzee wa Sponji:
Hapana. Ni jina la Heinrich Kuhl, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani aliyefariki Java mwaka 1821 akiwa na miaka 23. Samaki huyu alipewa jina lake la kisayansi mwaka 1846, miaka 25 baadaye.

Binti Mkunga:
Wakuu, narudi na mrejesho baada ya siku tisa.

Neoni nimewahamisha, majani ya mkungu yamezama, sponji ipo mdomoni mwa chujio. Usiku wa pili baada ya maji ya baridi niliwaona wawili juu kabisa, wamejisokota kama kamba, wanatetemeka, kisha wakaachana. Asubuhi tumbo la jike lilikuwa limebonyea. Mayai sikuyaona.

Leo nimekamua sponji, nikasubiri nusu saa kwenye ndoo nyeupe. Yumo mmoja! Mdogo kuliko yule wa kwanza, pingili zimefifia, sharubu zinaonekana. Nimpe nini ale?

Mzee wa Sponji:
Hongera sana! Mrudishe sasa hivi kwa kikombe, usimweke peke yake kwenye chombo kitupu. Usiku mdondoshee atemia (vijidudu wa maji ya chumvi) walioanguliwa siku hiyo hiyo, uwasuuze chumvi kwanza. Sponji ya chujio usiiguse mpaka mwezi uishe, labda maji yakianza kupita kwa shida.