Gari linachemsha kwenye foleni, feni haizunguki

Swali
Salamu kwenu, wataalamu. Gari langu la petroli huchemsha kila ninapokwama kwenye foleni, lakini nikishika mwendo mshale wa joto hurudi katikati. Maji ya rejeta hayapungui. Jana nilifungua boneti mshale ukikaribia alama nyekundu, nikakuta feni ya umeme imetulia tuli. Fundi ananishauri nibadilishe rejeta. Je, ni lazima?

Jibu la kwanza
Ndugu, rejeta isubiri. Gari likiwa mwendoni, upepo hupita kwenye rejeta na kupoza maji bila msaada wa feni. Rejeta iliyoziba ingekusumbua zaidi kwenye mwendo kasi na milimani, jambo ambalo ni kinyume na maelezo yako. Washa injini, kisha kiyoyozi, kwa kuwa katika magari mengi feni huanza papo hapo. Ikizunguka, ishuku sensa ya joto. Isipozunguka, kagua fyuzi, halafu ibadilishe rilei ya feni (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) na nyingine ya aina ileile iliyomo kwenye boksi.

Jibu la pili
Naafiki, ila gari likiwa na feni mbili, hakikisha unayoiona ikizunguka si ile ya kiyoyozi peke yake. Fyuzi na rilei zikiwa nzima, zima injini, chomoa soketi ya feni na uipe mota umeme wa volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri, kwa nyaya nene zenye fyuzi. Ikikaa kimya, mota imekufa. Ikizunguka kwa nguvu, chunguza pini za soketi, ambazo zikiungua hugeuza plastiki kuwa ya kahawia, pamoja na waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Tafadhali usiruhusu mtu akung'olee thamostati (vali inayofunguka injini ikipata moto ili maji yapite kwenye rejeta), tiba ya mkato inayopendwa mno; ingekuwa imekwama ikiwa imefunga, gari lingechemsha hata barabara kuu. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa na moto, kwani maji yaliyo chini ya mgandamizo huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, kisha yakaruka usoni mara unapoulegeza.

Muulizaji
Nashukuru. Kiyoyozi hakikuiamsha feni, fyuzi na rilei ni nzima, na mota ilizunguka vizuri kwa umeme wa betri. Boliti ya waya wa hasi ilikuwa imefunikwa na kutu. Nimeikwangua na kuikaza, na sasa feni inawaka kabla mshale haujapita katikati.