Wakuu, LSU ya 2019 ilikuwa na nini hasa mpaka leo watu hawatulii?

mgeni_wa_zambarau:
Habari zenu wakuu. Niko Baton Rouge huku Louisiana mwaka wa pili sasa, nimemfuata mke wangu anasoma, na kazini kwetu haipiti wiki bila mtu kutaja msimu wa 2019 wa LSU, timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo kikuu cha hapa, Louisiana State. Sio NFL (ligi yao ya kulipwa) jamani, timu ya chuo! Juzi mzee mmoja ana wajukuu kabisa ananionyesha kwenye simu klipu ya mechi na chuo cha Alabama, machozi yanamlenga. Mimi Yanga damu, mapenzi ya timu nayajua, ila hii ya kulilia wanafunzi imenishinda. Nilijaribu kuangalia nikaona watu wanagongana sekunde sita halafu wanasimama kujadiliana kama kikao cha harusi. Wenye kuelewa nieleweshwe taratibu, ule msimu ulikuwa na nini? Na uwanja wa chuo unajazaje watu laki moja wakati kwa Mkapa ni elfu sitini na mechi nyingi viti vinabaki?

Kipenga_Butu:
Raga ya waoga wanaovaa helmeti hiyo. Twende kwenye mada za maana.

mzee_wa_Houston:
Kipenga we kaa pembeni kidogo.

Mkuu, ukitaka kumwelewa huyo mzee wako anza na Alabama, sio na 2019. LSU walifungwa na Alabama mara nane mfululizo. Nane! Ya kwanza ni fainali ya Januari 2012, wakachapwa 21-0 New Orleans, yaani kwenye jimbo lao wenyewe, na ya mwisho 2018 wakapigwa 29-0 hapohapo Baton Rouge. We fikiria Simba awafunge nane mfululizo halafu tatu kati ya hizo hamjapata hata goli la kufutia machozi, ungekuwa unasalimiana na watu mtaani? Basi Novemba 9, 2019 wakaenda Tuscaloosa kwa Alabama, mapumziko wanaongoza 33-13, kipindi cha pili jamaa wakarudi kwa kasi mpaka watu wakaanza kusema yale yale, ila ikaisha 46-41. Hiyo ndiyo anayoililia.

Na aliyefanya hiyo kazi ni kijana ambaye kwao Ohio alikaa benchi. Joe Burrow, mrusha pasi wao. Alikuwa Ohio State miaka mitatu bila kupata namba, akamaliza digrii yake, akahamia LSU 2018. Msimu wa kwanza wa kawaida tu, pasi za tachidauni (mpira kufika mwisho wa uwanja, ndiyo kama goli lao) 16. Uliofuata 60! Sikukosea, sitini, na yadi 5,671. Akachukua Heisman (ndiyo tuzo ya mchezaji bora wa vyuo) kwa tofauti kubwa ya kura kuliko yeyote kabla yake.

Mtoto_wa_Likoni:
Mzee umesema vizuri lakini hapo kwa Burrow peke yake sikubaliani. Kijana ni yuleyule, mkono ni uleule, kilichobadilika ni mfumo. LSU miaka yote walikuwa wacheza kizamani, mpira apewe mkimbiaji apite katikati ya watu, basi. 2019 wakamleta Joe Brady kutoka kwa New Orleans Saints ya NFL, kijana hata miaka thelathini hajafika, akaja na mambo ya kutawanya wapokeaji uwanja mzima, beki hajui amfuate nani. Na wapokeaji wenyewe ni kina nani? Ja'Marr Chase na Justin Jefferson (wote baadaye mastaa NFL), timu moja! Hata mimi ningerusha mpira hapo ungedakwa tu.

mzee_wa_Houston:
Wewe ungerusha ungevunjika bega. Ila sawa, Brady namkubali.

dada_wa_chumba_cha_pili:
Mimi sijui mbinu, nilikuwa naangalia na mume wangu, ila kitu ambacho hakinitoki ni siku ya nusu fainali na Oklahoma. Asubuhi ile Desemba 28 ndege ndogo ilianguka Louisiana, ndani alikuwemo mkwe wa kocha wa mashambulizi Steve Ensminger, alikuwa anakuja huko huko kwenye mechi Atlanta. Baba wa watu akapewa taarifa saa chache kabla ya mechi, akapanda juu kwenye chumba cha makocha akafanya kazi yake. Nusu ya kwanza tu Burrow karusha tachidauni 7, mechi ikaisha 63-28. Watu wanahesabu namba, mimi naliona lile jibaba linajifuta macho.

Na hotuba ya Burrow ya Heisman mbona hamjaitaja? Alizungumzia watoto wa kwao Athens, Ohio, wanaorudi nyumbani hakuna chakula mezani, michango ikamiminika ikapita dola laki tano.

mgeni_wa_zambarau:
Dah dada umenigusa. Kwa hiyo fainali?

mzee_wa_Houston:
Januari 13, 2020, New Orleans tena, uwanja uleule wa aibu ya 2012, mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapo ulipo. Clemson mabingwa watetezi, mechi 29 hawajafungwa. LSU wakawa nyuma 17-7 nikasema haya tena, wakamaliza 42-25. Mechi 15, wameshinda 15. Kocha ni Ed Orgeron, mtoto wa palepale Louisiana, sauti kama amemeza changarawe, kwa hiyo watu waliona ni mtu wao kabisa.

Sasa hilo la kuumiza ndiyo hili: Aprili hiyohiyo wachezaji 14 wakachukuliwa na NFL, Burrow wa kwanza kuchaguliwa. Brady kaondoka. Msimu uliofuata wakashinda 5 wakafungwa 5, na 2021 Orgeron naye akaachana nao. Chuo sio kama Yanga kwamba mchezaji ukimpenda unamwongezea mkataba. Huyu ana misimu michache tu, na akiwa mkali baada ya mitatu anaondoka. Ile timu uliipata mwaka mmoja, kama hukuangalia imekupita.

Kipenga_Butu:
Hapo kwenye 5 na 5 nimecheka, ila ya mkwe imeniuma. Nipeni link ya Alabama.

Mtoto_wa_Likoni:
Karibu Kipenga 😂

Kuhusu uwanja: unaingiza 102,321. Jimbo halina timu ya NFL isipokuwa Saints, na hiyo iko New Orleans, kwa hiyo babu alikuwa LSU, baba LSU, mtoto hata kama hakusoma hapo ni LSU. Jumamosi usiku nenda ukasikie, hata usipoelewa sheria.

mgeni_wa_zambarau:
Mzee wa kazini kanialika kweli, mechi ya Jumamosi, anasema tuwahi mchana watu wanapika nje ya uwanja. Niende na nini? Na nivaeje?

dada_wa_chumba_cha_pili:
Peleka pilau, sufuria kubwa, wale wana wali wao wa jambalaya watakuelewa haraka sana.

mzee_wa_Houston:
Vaa zambarau au njano. Nyekundu usiiguse, hiyo ni ya Alabama.

mgeni_wa_zambarau:
Nyekundu? Mzee, mimi Yanga. Njano ninayo kabati zima.