Nahama na mbwa chotara: England, Ujerumani au Calgary?

Mlezi_wa_Simba: Wadau, kazini nimepewa nichague: England, Ujerumani au Calgary kule Kanada. Simba ana miaka 4, baba yake hajulikani. Kichwa kipana, kifua kama pipa, kimo begani sentimita 53. Hajamuuma mtu, na simwachi nyuma. Wapi watampokea?

Kambangumu: England usijaribu, mkuu. Sheria ya 1991 ilipiga marufuku mbwa wa aina za pitbull, Tosa, Dogo Argentino na Fila Brasileiro, kisha XL Bully akaongezwa. Hawaangalii cheti cha ukoo, wanaangalia umbo. Kwa XL Bully dume, kimo kinaanzia sentimita 51, halafu wanatazama kichwa, shingo, kifua. Simba wako kashavuka kimo. Muda wa kuomba kibali cha kubaki naye uliisha 31 Januari 2024, na kesi ikifika mahakamani, wewe ndiye wa kuthibitisha kwamba Simba si wa aina hizo.

BintiMwanga: Ujerumani kuna ngazi mbili. Sheria ya taifa ya 2001 inazuia kuingiza pitbull, American Staffordshire, Staffordshire Bull Terrier na Bull Terrier, pamoja na machotara wao. Kisha kila jimbo lina sheria zake, na mengi yana orodha ya aina zinazobanwa. Niedersachsen haina orodha, ila anayeanza kufuga mbwa anafanya mtihani wa nadharia na wa vitendo, na kila mwenye mbwa anamwekea chipu na kumkatia bima ya madhara kwa wengine. Mtihani naupenda, unampima mtu anayeshika kamba. Lakini Niedersachsen haitakufaa kitu kama mpakani watamwona Simba ni chotara wa hao wanne.

Kovu_la_Mkono: Mimi niliumwa na mbwa ambaye naye "hajawahi kumuuma mtu". Nyuzi 11 kwenye mkono. Msiwalaumu wanaoogopa vifua kama mapipa.

Mzee_wa_Leseni: Pole sana ndugu, na una haki ya kusema. Ndiyo maana naitetea Calgary. Haina orodha ya aina, lakini si kwamba ni holela. Mbwa akifika miezi 3 lazima awe na leseni. Akiuma, anaweza kutangazwa mkali, na masharti yanabana, hata awe kimbwa cha kubebwa kwapani. Ninachotaka mimi ni sheria inayomfikia kila mbwa anayeuma.

Mlezi, anza sasa kumzoesha kifunga mdomo, kile cha kikapu. Wangu nilimpaka siagi ya karanga ndani ya kile kikapu, akaingiza pua mwenyewe kulamba. Siku 5 za mwanzo sikufunga mkanda hata mara moja. Leo akiuona ananiletea.

Mlezi_wa_Simba: Kovu, pole, nimekusikia. Naelekea Calgary. Mzee, kikapu cha waya au cha plastiki?

Mzee_wa_Leseni: Chochote, ila hakikisha anaweza kuhema kwa mdomo wazi na kunywa maji. Na kabla hujalipa nauli, uliza shirika la ndege na mwenye nyumba. Hao wana orodha zao.